Nilichora ghorofa kabla ya kuwahesabu wachongaji

Niligombea udiwani ndani ya chama nikapata kura 11. Wajumbe waliopiga kura walikuwa 94, na katika daftari langu walioniahidi walikuwa 52, wengine wakiniapia kwa uhai wa watoto wao. Ilikuwa Julai 2020, wakati nchi nzima inacheka na ule msemo wa "wajumbe si watu", wa wagombea walioahidiwa kura wakazikosa. Nami nilicheka na wenzangu pale ukumbini, nikacheka ndani ya bajaji, nikafika nyumbani nikavua viatu, ndipo nikalia.

Kila uchaguzi ukikaribia hakosekani kijana wa kuja kuniuliza nilikosea wapi. Nimechoka kusimulia vipande vipande, kwa hiyo leo naandika lote. Wajumbe siwalaumu. Nikikumbuka nilivyokuwa nikizungumza miezi ile miwili, sina hakika kama mimi mwenyewe ningejipigia.

Mimi ni mtoto wa Mwenge Vinyago, hapa Dar es Salaam. Baba yangu ni Mmakonde wa upande wa Mueda, Msumbiji. Alivuka Ruvuma akiwa kijana kufuata kazi ya mkonge, baadaye akashika tezo ya kuchongea vinyago na hakuiacha mpaka mikono ilipogoma. Mama alikuwa akipiga msasa. Mimi nimelelewa juu ya gunia, katikati ya vumbi la mpingo, nikipiga chafya kamasi linatoka jeusi. Sasa nina fremu ndogo ya duka la vinyago.

Kwa asiyepajua Mwenge, kuna mbele na kuna nyuma. Mbele ni maduka: simba, twiga, vinyago vya uso, na ile mitindo ya Kimakonde yenyewe, ujamaa wenye watu waliobebana tangu chini hadi juu, shetani wenye macho pasipo na uso. Mtalii anapita mbele. Nyuma, chini ya mabati yaliyotoboka na turubai, ndiko wanakokaa wachongaji na magogo yao. Mgeni akifika nyuma ni kwa sababu amepotea au anatafuta choo. Mimi niliyezaliwa nyuma, nilipopata fremu nikawa mtu wa mbele, na sikugundua jinsi kichwa kilivyohama pamoja na miguu.

Mwaka ule wageni hawakuwepo. Ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa Aprili kwa sababu ya korona, na hata anga lilipofunguliwa tena Mei 18 yale mabasi madogo ya watalii hayakuonekana. Tulikuwa tunakaa kwenye ngazi za fremu tukifuta vumbi kwenye vinyago vilevile kila asubuhi. Katika kukaa huko ndipo watu wakaanza: wewe umesoma, unajua kuongea, kachukue fomu ya udiwani. Fomu ndani ya chama ilikuwa shilingi 10,000. Hiyo ndiyo gharama ndogo kuliko zote nitakazozitaja. Chama chenyewe sikitaji, hakina kosa katika haya.

Hoja yangu ilikuwa moja: Mwenge Vinyago iendelezwe upya. Na kuendeleza, kwangu mimi wakati ule, maana yake ilikuwa ghorofa. Nilikuwa nikipita Mlimani City kila siku, hapo hapo Barabara ya Sam Nujoma, nikiona taa na viyoyozi, kisha nageuka kutazama mabati yetu naona aibu. Nikamtafuta kijana mmoja anayechora majengo kwa kompyuta. Alinichorea jengo la ghorofa tatu, vioo mbele, lifti, mgahawa juu, maegesho ya magari chini. Kwa bei ya ndugu alinitoza 350,000. Nikachapisha bango kubwa la plastiki, 90,000 nyingine.

Ile picha niliipenda kama mtoto. Nililitundika bango sebuleni kabla ya kulipeleka popote. Mama akalitazama muda mrefu, kanga begani. Kwenye mchoro kulikuwa na watu, wale watu wa kompyuta: bwana mwenye mkoba, mzungu anayetembea na mbwa, msichana anakunywa kahawa. Mama akauliza, "Sasa mwanangu, mbona hapa hakuna mwenye tezo?" Nikamwambia, mama, hao ni mapambo tu ya mchoro. Akasema sawa, akaenda kuchambua mchele.

Ingekuwa busara kusimama pale. Sikusimama.

Siku chache baadaye nikaenda nyuma kuwaeleza wazee. Nilikuta gari dogo la mizigo limeleta magogo matatu kutoka Kilwa. Mzee mmoja aliyechonga pamoja na baba, sote tunamwita Babu, akanipokea shikamoo yangu, akaniambia, "Marahaba, umefika wakati mzuri. Shika huku." Nikajua anatania. Hakuwa anatania. Gogo lilikuwa fupi kuliko kimo changu na unene wake haukuzidi ndoo ya lita ishirini. Tulikuwa wanne, tukalibeba hatua kama ishirini, tukapumzika mara tatu. Mpingo si mti wa mzaha. Ukitupa kipande majini kinazama kama jiwe. Tulipolishusha nilikuwa nimechunika kiganja na blauzi imepasuka kwapani.

Ndipo Babu akaniomba nifungue bango. Akalitazama, akahesabu ghorofa kwa kidole, akauliza wao wamepangiwa wapi. Nikamwonyesha ghorofa ya pili, upande wa nyuma, palipoandikwa "karakana". Hakusema neno. Alitazama lile gogo, akatazama mchoro, akaniuliza kama lifti ile ni ya watu au ya mizigo. Sikujua. Akauliza vumbi litatokea wapi, maana pameandikwa vioo. Sikujua. Akauliza kodi. Hapo nilijua kidogo, kwa sababu yule mchoraji alinikadiria kwa mita ya mraba, lakini nilipoanza kuzidisha kichwani nikaona ni afadhali niseme sijui.

Mtu wa Dar hahitaji kwenda mbali kujifunza juu ya hili. Machinga Complex pale Karume lilijengwa kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo, jengo zuri la ghorofa, na vizimba vyake vilikaa vitupu miaka mingi kwa sababu mteja wa mtumba hapandi ngazi. Sote tulilisema jengo lile. Mimi nililisema sana, tena kwa dharau. Na bado nikachora la kwangu.

Nilifanya jambo moja zuri, nikalifanya vibaya. Nikaamua kuhesabu watu. Nilinunua kauntabuku, nikaanza na mstari wetu wa fremu 14. Nilidhani kazi hiyo ni ya saa moja. Ilichukua siku mbili, kwa sababu kila fremu ilikuwa na ghorofa zake zisizoonekana. Kuna mwenye fremu kwa karatasi, ambaye pengine haishi hata Dar. Kuna aliyempa huyo kilemba, yaani fedha ya kuachiwa fremu, na kupangisha. Kuna aliyepangishiwa nusu ya ndani. Kuna anayeweka mali yake kwenye rafu mbili kwa makubaliano ya mdomo. Na kuna mchongaji wa nyuma anayeleta kazi, ambaye hana karatasi yoyote wala jina popote. Katika fremu zile 14, wenye karatasi waliokuwa wanafanya biashara wenyewe pale walikuwa watano.

Hili nataka lisomwe taratibu na yeyote anayetaka kupigania mtaa wa wasanii. Ukisikia neno "fidia" au "watarudishwa", uliza mara moja: atarudishwa nani? Kwa sheria zetu ardhi yote ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na fidia huanza kwa mwenye haki ya kukalia ardhi na aliyeweka maendelezo juu yake. Mpangaji wa mpangaji yuko mkiani. Mchongaji aliyekaa chini ya mwembe miaka thelathini hayuko hata mkiani. Kabla hujachora chochote, tafuta hati au mkataba wa eneo, uusome umeandikwa jina la nani na unaisha lini. Nenda ofisi ya ardhi ya manispaa na barua, siyo na maneno, na hiyo barua igongwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Mimi nilikwenda na maneno mara tatu. Nauli na chakula tu vilinigharimu karibu 40,000, na nilirudi na ahadi.

Kosa langu katika kuhesabu ni kwamba nilitoa daftari kabla ya kutoa maelezo. Mwanamke anayegombea, anapita na daftari anaandika majina na ukubwa wa vibanda, wiki hiyohiyo ametundika picha ya ghorofa. Watu waelewe nini? Siku ya tatu uvumi ulikuwa umeshafika stendi: nimetumwa na tajiri, tunaandikwa ili tubomolewe. Dada mmoja wa shanga, niliyesuka naye nywele tangu utoto, alikataa kunitajia jina lake. Jina lake! Ninalijua hadi la ubatizo. Ilibidi nirudi kibanda kwa kibanda bila daftari, nikae, ninywe chai, nieleze. Ukitaka kuhesabu watu, itisha kikao kwanza, chagueni watu wawili wa mbele na wawili wa nyuma waandike wao, na kila mtu asomewe alichoandikiwa. Ni polepole lakini hakuna njia nyingine.

Katika kurudi huko maoni yangu yakabadilika. Niliona kwamba walichokihitaji watu wa nyuma kilikuwa kidogo na hakikupendeza machoni: paa lisilovuja, mfereji, maana mvua za masika zinageuza kule bwawa na magogo yanaloa, vyoo vyenye maji, na karatasi moja ya pamoja inayowatambua. Nilikwenda pia Oysterbay kwa wachoraji wa Tingatinga, pale Morogoro Stores ambako Edward Saidi Tingatinga alikuwa akiuza picha zake kabla ya kuuawa kwa risasi 1972. Wao wana ushirika uliosajiliwa tangu 1990. Niliwaonea wivu. Mchoraji mmoja aliniambia jambo ambalo sikulifikiria: "Sisi ubao na rangi ya mafuta tunabeba kwapani, tukifukuzwa hapa kesho tunachora kule. Ninyi mkihamishwa mnahama na msitu." Nikakumbuka na Nyumba ya Sanaa, iliyoanza 1972 na jengo lake kufunguliwa na Mwalimu Nyerere 1983. Pita leo pale Upanga ukaulizie wasanii wake.

Basi ungetarajia nilishusha bango. Hapa ndipo ninapoona aibu zaidi.

Sikulishusha. Wajumbe walilipenda. Wengi wao hawakuwa watu wa vinyago, walikuwa watu wa mitaa ya kata yetu, na kwao Mwenge Vinyago ilikuwa sehemu ya mabati iliyobaki nyuma. Kila nilipofungua lile bango kwenye kikao macho yaling'aa. "Huyu ana maono." Nikaonja sifa hiyo nikashindwa kuiacha. Nikawa na midomo miwili. Asubuhi kwa wachongaji nasema hatubomoi kitu, tunaezeka na kuchimba mfereji. Jioni kwa wajumbe nafungua ghorofa. Nilijiambia nitawaoanisha nikishashinda. Kila mgombea hujiambia hivyo, nadhani.

Nilikutana pia na mambo ambayo mwanamke atakutana nayo. Karibu kila nyumba niliyoingia kulikuwa na mtu mzima wa kunishauri kwa upole nikagombee viti maalum, kata niwaachie kaka zangu. Hawakuwa na ubaya, ndiyo inayochosha. Usibishane nao mlangoni. Waulize shida ya mtaa wao na uandike mbele ya macho yao.

Na kulikuwa na "nauli". Mjumbe anakusikiliza vizuri, anakusindikiza hadi barabarani, halafu anasimama. Hakuombi. Anasimama tu, anatazama bodaboda. Mara ya kwanza nilitoa 5,000 nikiita shukrani. Kufikia wiki ya tatu nilikuwa nimetoa hivyo kwa watu 30 hivi, na usiku nikawa nashtuka nikisikia gari limesimama nje, nadhani ni TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa. Ile ni rushwa, jina lake halina mbadala. Sheria ya gharama za uchaguzi ipo tangu 2010 nami nilikuwa nimeisoma. Niliacha, kwa woga na si kwa uadilifu. Jumla yote, na soda, na bango, na mafuta ya bodaboda, ilifika 1,400,000. Sehemu kubwa ilikuwa mtaji wa fremu katika mwaka usio na mteja. Mume wangu hakunisema. Aliuza pikipiki akanyamaza, na ukimya ule ndio uliniuma.

Siku ya kujieleza kila mgombea alipewa dakika chache na maswali matatu. Nilifungua bango langu. Swali la kwanza likaja kutoka kwa mjumbe aliyekuwa na kaka yake kule nyuma, mtu wa msasa. Alisimama taratibu: "Dada, Jumanne ulimwambia kaka yangu kwamba habomolewi. Leo hii ghorofa itakaa wapi, juu ya kichwa chake?" Ukumbi ulicheka. Nilianza kujibu kwamba ni awamu, kwamba kwanza paa halafu baadaye. Nilijisikia mwenyewe ninavyozungumza. Nilikuwa na jibu la kweli, nililijua, lingechukua nusu dakika: nilikosea kuchora, wenye kazi wamenifundisha, hivi ndivyo ninavyotaka sasa. Sikulitoa kwa sababu bango lilikuwa limefunguliwa nyuma yangu na lilikuwa limegharimu 440,000.

Kura 11. Sasa unajua.

Wiki mbili sikwenda fremu. Niliporudi nilikuta Babu amemtuma mjukuu wake kuliomba lile bango. Waliligeuza, picha ikaelekea chini, wakaezeka juu ya magogo. Mwaka mzima ukikaa pale ukiinua macho unamwona yule mzungu na mbwa wake kichwa chini.

Kauntabuku haikutupwa. Tuliirudia kwa utaratibu, wawili wa mbele, wawili wa nyuma, tukaanza michango ya 2,000 kwa wiki ili tujisajili kama kikundi. Akina mama wa msasa tukawaelekeza kwenye ile asilimia kumi ya mapato ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Ilichukua muda, na katiba ya kikundi tuliiandika upya mara tatu kwa sababu ya makosa madogo ya majina. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye kitambulisho cha taifa. Usiandike "Mama Fulani".

Halafu Julai 10, 2021 soko la Kariakoo likaungua. Wafanyabiashara wakahamishwa ili soko lijengwe upya, na kwa miaka iliyofuata swali mjini likawa lile lile la kauntabuku: nani yumo kwenye orodha ya kurudi? Wachongaji walioninunia wakaja wenyewe kuuliza kama majina yao bado yamo. Na tangu ujenzi wa barabara ya mabasi ya mwendokasi ulipofika Mwenge na kutuachia vumbi lisilo la mpingo, wanauliza kila mwezi.

Jambo gumu lilikuwa kumpelekea ile orodha diwani aliyeshinda. Niliizunguka ofisi ya kata siku tatu kabla ya kuingia. Alinipokea vizuri, akasoma ukurasa kwa ukurasa, akauliza maswali ya maana kuliko niliyowahi kuuliza mimi. Baada ya kusukumana sana, mfereji ukachimbwa, wa zege, upande wa mbele. Siku ya kuuzindua alisema maneno mazuri juu ya sanaa na utambulisho wetu. Nilipiga makofi. Jina langu halikutajwa, na ukiniuliza kama liliniuma, ndiyo.

Babu alikuwa kando yangu, ameegemea fimbo. Akaninong'oneza, "Huu utafika kule kwetu?" Nikamwambia mita zake zimeishia kwenye fremu ya mwisho. Akaufuata mfereji kwa macho mpaka pale zege lilipokatika na udongo kuanza, akapima na mteremko kwa kidole kama anavyopima gogo. "Si mbali," akasema. "Kesho njoo na chepe. Na viatu vya kazi, siyo hivyo."